Chumvi Isiposhika

Bokoli, Bungoma
15 Januari 2024

Kwa Bi. Linah Chelagat, Kitale

Binti yangu,

Nakusalimu kwa amani. Barua yako ya tarehe tisa ilinifikia kupitia dereva wa gari la mizigo. Nashukuru kwamba uliandika badala ya kupiga simu, maana masikio yangu siku hizi husikia sauti ya simu bila kushika maneno.

Nianze kwa kuieleza kesi nilivyoielewa, ili unisahihishe kabla sijaandika neno lolote la kupelekwa mahakamani. Mume wako, Kipkosgei, alikuwa mtunza ghala wa shule ya bweni nje kidogo ya Kitale. Mahindi ya shule yalivunwa Novemba 2022. Machi 2023 wanafunzi kumi na saba waliugua baada ya kula ugali wa mahindi hayo, na wasichana wawili wakafariki. Maabara ilikuta katika nafaka sumu ya kuvu, zaidi ya mara mia ya kiwango kinachoruhusiwa. Mume wako ameshtakiwa kwamba aliwaua bila kukusudia, kwa uzembe. Alinyimwa dhamana kwa kuwa watu walitishia kumdhuru, na huu ni mwezi wake wa kumi rumande. Kesi itasikilizwa tarehe sita Mei. Wakili wenu, Bi. Simran, anahitaji mtu aliyeijua nafaka aandike ripoti, na wewe ukamtajia jina langu.

Nilikuwa mkaguzi wa nafaka kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi naiweza. Lakini sharti ulijue jambo moja: shahidi mtaalamu si wa upande uliomwita, ni wa mahakama. Nikikuta la kumsaidia mumeo nitaliandika. Nikikuta la kumwangamiza nitaliandika vilevile, kwa wino uleule. Tena, barua hizi zaweza kuitishwa kortini. Usiniandikie jambo ambalo hungependa jaji alisome.

Ukikubali hayo, nitafika ghalani mwezi wa Februari na bambo langu, ule mkuki wenye mfereji tunaouchoma katika gunia ili kutoa nafaka za katikati.

Mungu akutunze wewe na watoto.

Nehemiah Wamalwa
Mkaguzi wa Nafaka (mstaafu)
Mzee wa Kanisa la Marafiki


Kitale
24 Januari 2024

Mzee Wamalwa,

Bwana asifiwe. Nakubali yote. Hata ungesema uje na hilo bambo unichome mimi, ningekubali.

Umeielewa kesi vizuri. Ambalo hukuandika ni kwamba watoto nimewapeleka kwa mama yangu kule Kapsokwony, kwa sababu shuleni walikuwa wakiulizwa kama wamebeba sumu kwenye mkebe. Mimi bado nauza mboga sokoni. Watu wanafika mezani kwangu, wanachagua sukuma, halafu mmoja anamnong'oneza mwenzake, wanairudisha chini polepole kana kwamba imewauma.

Bi. Simran aliisoma barua yako akacheka. "Mama Linah," akasema, "huyu mzee ni mkavu kuliko mahindi anayoyapima. Lakini ndiye tunayemtaka. Jaji hatapata pa kumshika."

Jumatano nilimwona Kipkosgei. Shati lake la harusi sasa linampwaya mabegani. Nilipotaja jina lako aliinua kichwa. "Wamalwa? Wa Bokoli? Si ni yule mwalimu wa chupa!" Akacheka, Mzee, mara ya kwanza tangu akamatwe. "Basi nimepona, Linah. Yeye anajua."

Nikamwuliza unajua nini. Askari akasema muda umekwisha.

Mzee, unajua nini?

Wako katika Kristo,
Linah Chelagat


Bokoli
19 Februari 2024

Binti yangu,

Nilifika ghalani tarehe kumi na tatu, pamoja na afisa wa polisi na karani wa Bi. Simran. Magunia yaliyobaki ni thelathini na moja, yote yametiwa lakiri. Nilichoma bambo juu, katikati na chini ya kila gunia, nikapima. Unyevu ni asilimia kumi na tatu. Hayo ni mahindi makavu, yaliyohifadhiwa vizuri, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mtu aliyeyapanga hakuwa mvivu.

Hata hivyo yana sumu. Hapo ndipo penye uzito. Nafaka kavu yaweza kubeba sumu iliyozaliwa wakati ilipokuwa na maji. Jua huyakausha mahindi, lakini sumu haiondoki. Moto wa jikoni nao hauiondoi. Hivyo kati ya kuvunwa na kuingizwa ghalani mahindi hayo yalilowa, na yalilowa siku nyingi. Swali ambalo jaji ataniuliza ni moja: je, mtunza ghala alijua?

Nilipewa nakala ya daftari lake la ghala. Ameandika kila siku, kwa mwandiko wa mtu anayeiheshimu kazi yake. Lakini ukurasa wa kuanzia tarehe 14 Novemba hadi 2 Desemba haupo. Haukudondoka, uliraruliwa. Katika maelezo yake kwa polisi mumeo amekiri kwamba aliurarua mwenyewe, na amekataa kusema ulikuwa na nini. Kiongozi wa mashtaka atasema kwamba mtu hararui asichokielewa.

Je, unajua lolote kuhusu ukurasa huo?

Kuhusu swali lako la mwisho, nilifundisha watu wengi, na jina la mumeo silikumbuki.

Nehemiah Wamalwa
Mkaguzi wa Nafaka (mstaafu)


Kitale
26 Februari 2024

Mzee Wamalwa,

Sijui lolote kuhusu ukurasa. Kipkosgei amesema aliurarua, basi aliurarua. Alikuwa amechanganyikiwa, polisi walikuwa mlangoni.

Wewe andika juu ya mahindi. Daftari liache.

Linah


Kitale
15 Machi 2024

Mzee,

Bi. Simran amenionyesha rasimu ya ripoti yako. Nimeisoma mara nne, nimesimama kwenye aya ya tisa. Nainakili hapa ili uyaone maneno yako kwa mwandiko wangu:

"Mtunza ghala mwenye uzoefu alipaswa kujua kwamba ukavu wa nafaka si uthibitisho wa usalama wake. Kuraruliwa kwa ukurasa kunaashiria kwamba alilijua hilo."

Bi. Simran aliiweka mezani akavua miwani. "Hii siwezi kuipeleka," akasema. "Na nisipoipeleka sina mtu mwingine, na siku zimebaki hamsini na mbili."

Sasa nakuandikia jambo ambalo sipendi jaji alisome, na akitaka alisome.

Ukurasa niliurarua mimi. Daftari lilikuwa nyumbani siku ile. Polisi walipokuwa chumbani wakipekua masanduku, mimi nilikuwa jikoni nikilifungua. Niliona mvua siku tisa, nikaona mume wangu amejiandikia hukumu kwa mkono wake. Nikaung'oa, nikauficha ndani ya kitabu cha nyimbo, nikawatilia chai. Nilipoenda rumande mara ya kwanza nikamwambia. Akasema, "Linah, usiseme. Wewe nawe ukifungwa, watoto watabaki na nani?" Ndipo akaandikisha kwamba ni yeye. Mwaka mzima ananibebea hilo, na wewe umeligeuza kuwa aya ya tisa.

Ukurasa wenyewe nimekufungia humu. Usome, lakini mimi nimeshaushika kwa moyo:

"14 Nov. Mvua kubwa. Turubai imetoboka, magunia 84 yamelowa. Nimeomba turubai mpya.
15 hadi 22 Nov. Mvua bado. Turubai haijaja.
23 Nov. Jua. Tumeanza kuanika.
2 Des. Nimepima kwa chupa na chumvi kama Mzee Wamalwa wa Bokoli alivyotufundisha kanisani. Chumvi haikushika. Salama. Nimeyaingiza ghalani."

Ulidhani jina lako nililipata wapi, Mzee? Nililipata hapo. Nilikutafuta kwa sababu nilijua kwamba aliyemfundisha hatamwacha. Januari nilikuuliza unajua nini. Nilikuwa nakupa nafasi. Nawe ukaniambia ati humkumbuki.

Linah Chelagat


Bokoli
2 Aprili 2024

Binti yangu Linah,

Nimechukua siku kumi na nane kukujibu. Jumapili mbili nimekaa kanisani katika kile kimya ambacho sisi Marafiki hukiita ibada, na mara zote mbili nimeondoka kabla ya wengine, jambo ambalo sijalifanya tangu ujana wangu.

Ulinipa nafasi, nami niliiona nikaipita. Nakiri hivyo kwanza, kabla ya yote.

Kati ya mwaka 2006 na 2010 nilizunguka makanisa kumi na manne, kutoka hapa Bokoli hadi Lwakhakha na ng'ambo ile ya Kitale, nikiwafundisha wakulima kuhifadhi mahindi. Hawakuwa na mashine ya kupima unyevu. Nikawafundisha njia ya chupa: chukua chupa kavu, tia kiganja cha mahindi, tia chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana maji. Isiposhika, yamekauka. Njia hiyo ni ya kweli, nayo imeokoa mavuno mengi.

Lakini sikuwaambia kwamba yamekauka. Niliwaambia kwamba ni salama.

Nimetoa sandukuni karatasi ya somo langu, ili nisijitetee kwa kumbukumbu. Imeandikwa kwa mkono wangu: "Chumvi isiposhika, mahindi ni salama, mle bila hofu." Nililitaka somo liwe fupi, watu walishike na kwenda nalo nyumbani. Chupa hupima maji peke yake. Haioni sumu iliyozaliwa kabla ya jua kutoka. Hilo nililijua kazini, wala sikulisema kanisani, kwa maana lingelirefusha somo na kuwatia watu mashaka.

Uliponiandikia "mwalimu wa chupa" nilijua mara moja ni somo gani analolitaja. Nilipofika ghalani niliiona chupa yenyewe dirishani, na mfuko wa chumvi kando yake. Nikampisha afisa wa polisi aitie katika mfuko wa vielelezo bila kusema lolote. Kisha nikaketi nikaandika aya ya tisa. Niliandika kwamba mtunza ghala alipaswa kujua jambo ambalo mimi ndiye niliyemnyima. Niliiandika kwa lugha safi na kuitia sahihi.

Sasa sikiliza kwa makini. Nimemwandikia Bi. Simran nikiiondoa ripoti ile yote. Siwezi kuwa mtaalamu katika kesi hii, maana mtu hawezi kupima mzigo ambao yeye mwenyewe amo ndani yake. Atafute mwingine, nami nitamkabidhi vipimo vyangu vyote, kwa kuwa vipimo havikukosea. Mimi nitafika kama shahidi wa kawaida, na karatasi ya somo mkononi.

Lakini karatasi yangu bila ukurasa wako ni maneno ya mzee tu. Ukurasa ndio unaoonyesha kwamba Kipkosgei alipima, na kwamba alipima kwa neno langu. Naurudisha humu. Ukiupeleka, itajulikana nani aliyeurarua. Mimi nitapoteza jina, nawe waweza kupoteza uhuru. Mizigo hiyo hailingani, nami sina mamlaka ya kukuamuru.

Nakuomba tu usikae nao peke yako muda mrefu kama nilivyokaa na wangu.

Nehemiah Wamalwa


Kitale
10 Aprili 2024

Mzee,

Bi. Simran alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Wiki nne! Wiki nne kabla ya kesi, mtaalamu anageuka shahidi! Mama Linah, huyu mzee ulimtoa wapi?" Nikafungua kitabu cha nyimbo nikamwonyesha nilikomtoa.

Akasoma. Akakaa chini. Akaniuliza kama ninajua anachopaswa kufanya sasa akishauona. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja na sweta na sabuni.

Polisi wamechukua maelezo yangu, wameniachilia hadi nitakapoitwa. Mhadhiri mmoja, Bw. Kiplagat, amekubali kuandika ripoti kwa vipimo vyako. Ni kijana, anaongea haraka, lakini amesema hakukuta kosa hata kwenye namba moja.

Kipkosgei amekasirika. Hajanikasirikia mimi. Amegeuka ukutani, hataki kulisikia jina lako. Alisema, "Miezi yote hii nimelala nikijiuliza nilikosea wapi kupima. Nimerudia kupima kichwani kila usiku. Sikukosea. Yeye alijua sikukosea."

Mimi pia nakuchukia kidogo, Mzee. Na bado nakuombea. Sijui kama hayo yanakaa pamoja, wewe ndiye mzee wa kanisa.

Mei sita, saa tatu asubuhi. Usikose.

Linah


Bokoli
12 Julai 2024

Kwa Bw. Kipkosgei

Mwanangu, kama waniruhusu kukuita hivyo. Usiponiruhusu, nitaelewa.

Wiki imepita tangu jaji alipokuachilia. Nilikuwa kiti cha nyuma. Nilimsikia akisema kwamba ulifanya kile ambacho mtu makini aliyefundishwa hivyo angekifanya. Sikuja kukusalimu, kwa kuwa haikuwa siku yangu. Nimesikia pia kwamba Linah amepewa miezi sita ya kufagia na kuosha sakafu za mahakama. Ninamshukuru Mungu kwamba haikuwa zaidi, na ninajua kwamba hata hiyo ni nyingi.

Siku ya ushahidi wangu ulinisikia, sitayarudia. Ulimwona karani akininyoshea Biblia, nami nikamwambia kwamba sisi Marafiki hatuapi, twathibitisha tu. Ulimsikia kiongozi wa mashtaka akiniuliza, "Mzee, unataka kutuambia kwamba kosa ni lako?" nami nikamjibu kwamba nataka kuwaambia nilichofundisha. Ambalo hukuliona ni lililotokea nje, kwenye baraza, ulipokwisha kurudishwa rumande. Ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mama yake marehemu Nyambu, mmoja wa wale wasichana wawili, alinifuata. Anaitwa Rosaline, anatoka Lwakhakha. Nilijitayarisha kutukanwa. Akasema, "Mzee, Kiingereza chao sikukishika chote. Lakini hii habari ya chupa nimeishika. Mimi nyumbani napima na chupa. Mama mkwe wangu alifundishwa na wewe. Tuna magunia sita yalinyeshewa mwaka jana, tukayakausha, chumvi haikushika. Wadogo zake Nyambu wanayala. Sasa leo nikifika nipike nini?"

Kipkosgei, nilimwambia asiyapike tena, na kwamba nitampelekea yangu.

Kesho yake nilikwenda Lwakhakha na mahindi yangu. Tulichimba shimo, tukayafukia yale sita. Watoto wale, tunashukuru, ni wazima.

Tangu siku hiyo nayarudia makanisa yale kumi na manne. Nimefika matatu. Nawaambia: chupa inapima maji tu, mahindi yaliyolala na mvua siku nyingi msiyaamini hata yakikauka. Hawanisadiki. Hapahapa kwetu Bokoli mzee mwenzangu alisimama akasema, "Chupa haijatudanganya miaka kumi na tano, ndio leo idanganye kwa kuwa wewe umefikishwa kortini?" Watu wakacheka. Wanadhani nimezeeka, au nimetishwa. Lile somo fupi nililifundisha vizuri mno, na sasa siwezi kulitoa vichwani mwao.

Mavuno yanakuja. Oktoba mvua yaweza kunyesha juu ya turubai iliyotoboka, kwa mtu yeyote, kama ilivyokuwa kwako.

Hawatamsadiki aliyefundisha. Huenda wakamsadiki aliyetii. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba nitakuwa kanisani Lwakhakha, saa nne asubuhi, na Rosaline amesema atakuwepo. Sina haki ya kukuomba uje, nawe huna deni kwangu la kukuleta. Nimekwisha kukuomba.

Nehemiah


Kitale
21 Julai 2024

Mzee Wamalwa,

Mimi si mtu wa barua. Daftari ndilo nimezoea.

Shule haijanirudisha kazini na sitawaomba. Njiani watu bado wanavuka upande wa pili wakiniona. Jaji aliniachilia lakini wale wasichana wawili walikula kutoka mikononi mwangu, na hilo jaji hakuweza kuniondolea. Naona wewe pia hajakuondolea.

Linah alisoma barua yako akasema, "Usiende. Watakurarua kama mimi nilivyorarua ule ukurasa." Halafu usiku nikamkuta ananipigia pasi shati.

Sijakusamehe, Mzee. Nakuambia mapema usije ukadhani. Nikikaa karibu na wewe kanisani ni kwa sababu viti vitakuwa vimejaa.

Wewe utasema habari ya chumvi. Mimi nitasema habari ya mvua, siku tisa, moja moja, kama nilivyoziandika. Nikimaliza nataka yule mama aniulize chochote anachotaka, mbele ya watu, na nitamjibu.

Jana polisi walinirudishia vitu vyangu. Chupa imo. Bado ina kile kikaratasi shingoni, kielelezo namba saba. Linah alitaka kukikata kwa kisu, nikamkataza.

Nitakuja nayo hivyohivyo.

Kipkosgei